Mwalimu na Mtambo Uliotazama Barabara

Miaka ile nilipokuwa Newala, mtu akitaka kuharibiwa siku yake hakuwa na haja ya kwenda mbali. Ilitosha amwambie Mwalimu kwamba kitu fulani ni kizuri. "Kizuri kiasi gani?" Mwalimu angeuliza, na mkono ungekuwa umeshaingia kwenye mfuko wa shati kutafuta kalamu.

Mimi nilikuwa nesi mkunga kwenye kituo cha afya, mgeni kutoka Njombe, nimekuja na mtoto mmoja na barua ya uhamisho ambao sikuuomba. Nyumba niliyopewa ilipakana na ya Mwalimu, tukitenganishwa na uzio wa mianzi ambao yeye alikuwa ameupima na kugundua kwamba umeingia kwangu kwa nusu hatua. Badala ya kunyamaza na kufaidi, kama anavyofanya jirani mwenye akili timamu, alikuja kunigongea mlango siku yangu ya pili kuniarifu kwamba ardhi yangu imeibiwa na kwamba mwizi ni yeye. Jumamosi aliung'oa uzio akausogeza. Nikajua nimepata jirani wa kunichosha.

Alizaliwa wapi na nani, sijui, wala sikuwahi kuuliza. Nilimkuta ameshakuwa mzee, ameshastaafu kufundisha fizikia, na nusu ya mji imepita mikononi mwake. Karani wa mahakama alikuwa mwanafunzi wake. Mwenye duka la jumla, vilevile. Waendesha bodaboda wa pale kona ya soko, karibu wote. Wote walimheshimu sana, na heshima hiyo waliionyesha kwa kuvuka barabara wakimwona anakuja.

Salamu yenyewe ilikuwa mtihani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Neema. Umeamkaje?"

"Salama tu."

"Salama kuliko jana?"

Na angesubiri jibu. Amesimama pale na mwavuli wake uliotiwa viraka, anasubiri kweli, kama vile afya yangu ya jana na ya leo zimeandikwa mahali na yeye anataka kuzilinganisha. Nilijifunza kusema "nimezidi kidogo" ili niwahi kazini.

Alipima kila kitu. Mvua aliipima kwa kopo la mafuta ya kupikia aliloliweka juu ya nguzo. Kivuli cha mkorosho wake alikipima kwa kamba. Muuza sukari alipomwona tu anaingia dukani, aliisafisha mizani kwa kitambaa na kuirudisha kwenye sifuri mara mbili bila kuombwa. Maneno aliyoyapenda yalikuwa machache: "kiasi gani," "nani kapima," na "kwa saa ngapi." Kwa maneno hayo aliweza kuua mazungumzo yoyote, hata ya msibani. Nilimsikia kwa masikio yangu mtu akisema marehemu aliugua muda mrefu, na Mwalimu, kwa upole wote, akauliza, "Muda gani hasa?"

Halafu huyo huyo, asiyeamini kwamba chai ni ya moto mpaka aitie kidole, aliamini timu ya taifa ya mpira. Kila mwaka. Bila kipimo, bila ushahidi, bila aibu. "Mwaka huu tunafika mbali," angesema, redio ikiwa sikioni, na mimi nikimuuliza mbali kiasi gani, alijifanya hasikii.

Kuhusu ubahili wake, mji mzima ulikuwa na hadithi. Misumari iliyopinda aliinyoosha kwa nyundo akaitumia tena. Bahasha za barua alizifungua taratibu, akazigeuza, akaandikia mahesabu upande wa ndani. Mkewe, mwanamke mnene mpole aliyecheka bila sauti, aliniambia kwamba kanga ya harusi aliipata baada ya Mwalimu kutembelea maduka saba na kurudi kwenye lile la kwanza. "Lakini haijachuja mpaka leo," akaongeza, na sikujua kama anamsifu au anamshitaki.

Sasa, huyo ndiye mtu aliyekuwepo Newala siku serikali, wafadhili na Mganga Mfawidhi wetu walipoamua kutuletea maji ya moto kutoka juani.

Wasioijua Newala hudhani Kusini kote ni joto. Waje mwezi wa saba. Ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma unakaa juu ya mji mpaka saa nne, na baridi yake inaingia mpaka kwenye mifupa. Mama anayejifungua asubuhi ya namna hiyo anahitaji maji ya moto ya kuoga, nguo zinahitaji kufuliwa, na wodi inahitaji kusafishwa. Kwa miaka yote kazi hiyo ilikuwa ya mwanamke mmoja, Mama Fatu, aliyewasha kuni kwenye jiko la nyuma na kubeba ndoo mpaka wodini. Wajawazito wa vijijini, wa Mnyambe na kwingineko, walikuja na mzigo wa kuni kichwani pamoja na kanga za mtoto. Tumbo mbele, kuni juu. Na sisi wahudumu tuliona ni utaratibu mzuri.

Mtambo ulipofika tulishangilia, kwa nini nifiche. Ulikuwa masanduku mapana meusi yenye vioo, ndani yake mabomba ya shaba, na tangi kubwa jeupe la kukaa juu yake. Jua lipige sanduku, maji yapate moto, yapande yenyewe kwenye tangi. Hakuna umeme, hakuna kuni, hakuna moshi. Uliwekwa paani pamoja na bango la wafadhili, ukazinduliwa mwezi wa Desemba. Ili magari ya wageni yapate pa kuegesha, jiko la Mama Fatu lilibomolewa. Halikuwa na kazi tena, tuliambiwa.

Mgeni rasmi alifungua bomba, akanawa, akaruka. "Aisee, yanaunguza!" Makofi. Mganga Mfawidhi, mtu mwembamba aliyependa sana hotuba, alitangaza kwamba kuanzia siku ile kuni zimekwisha kabisa. Akauliza kama kuna mwenye neno. Lilikuwa swali la adabu tu, la kufungia hotuba, lakini Mwalimu alikuwa ameshasimama.

"Mganga, sasa hivi Desemba jua lipo kusini kwetu, na masanduku yanatazama kusini. Vizuri. Mwezi wa sita jua litakuwa kaskazini. Mtambo utageuka wenyewe, au kuna mtu ataajiriwa kuugeuza?"

Watu wakacheka. Mshereheshaji akasema, "Ahsante mzee wetu, maswali baadaye." Baadaye hiyo haikuja. Ilikuja pilau.

Mwalimu hakula. Alimfuata fundi, mtu mzima wa makamo aliyetumwa kutoka Dar es Salaam, akamkuta anafunga vifaa vyake. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Nani kakwambia utazamishe kusini?"

"Kitabu, mzee. Kitabu chake kinasema kusini."

"Kitabu kimechapwa wapi?"

"Ulaya huko."

"Na Newala ipo mkoa gani wa Ulaya?"

Fundi akaangalia huku na huku, akashusha sauti. "Mzee wangu, mimi siyo mtoto. Hata mimi najua. Nilitaka kuweka upande ule mwingine. Nikaambiwa hapana, upande ule unatazama vyoo. Huu unatazama barabara. Bango la wafadhili lazima lionekane na wapita njia."

Mwalimu alimshika mkono akamshukuru kwa heshima kubwa, kama mtu aliyepewa jibu sahihi darasani baada ya miaka mingi ya kukosa.

Basi tukafaidi Januari, tukafaidi Februari, mvua zikaja zikapita. Mei maji yakawa ya uvuguvugu. Juni yakawa ya kuvumilia. Julai yakawa maji. Bango, hata hivyo, lilionekana vizuri sana kutoka barabarani.

Mama Fatu akarudi kwenye kuni, safari hii bila jiko, nje kabisa, kwenye ukungu, akiwa ameegemeza bati moja kukinga upepo. Na asubuhi moja aliletwa binti wa Mnyambe, uzazi wa kwanza, amehangaika sana njiani. Alijifungua salama, lakini alitetemeka kiasi kwamba hakuweza kumshika mtoto wake. Nilifungua bomba la mtambo, yakaja ya baridi. Kuni za Mama Fatu zilikuwa mbichi, sufuria bado haijaanza hata kutoa sauti. Tulimfunika binti kwa kila tulichonacho, pamoja na sweta langu, tukamsugua miguu mpaka mkunga mwenzangu akalia. Alikuja kutulia saa nne, ukungu ulipokuwa unaondoka.

Nilitoka zamu nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu. Sikwenda kuomba msaada, nilikwenda kulalamika kwa mtu ambaye najua yupo nyumbani.

"Ule mtambo unatoa maji ya baridi!"

"Baridi kiasi gani?"

Nusura nimpige. Nikamweleza habari za yule binti, kwa sauti ambayo mkewe alitoka ndani kuisikiliza. Mwalimu hakuniuliza tena kitu. Aliingia chumbani, akatoka na kipimajoto cha maabara kilichohifadhiwa ndani ya soksi, akavaa viatu.

Mwezi mzima alikuja kituoni mara tatu kwa siku. Saa moja asubuhi, saa sita, saa kumi na moja jioni. Alijaza ndoo kutoka kwenye bomba, akatumbukiza kipimajoto, akaangalia saa yake ya mkononi, akaandika ndani ya bahasha iliyogeuzwa. Aliazima mizani ya korosho akapima kuni za Mama Fatu kabla hazijawashwa. Alihesabu dakika mpaka sufuria ichemke. Mganga Mfawidhi aliamini ametumwa na halmashauri. Halmashauri, nilikuja kusikia, iliamini ametumwa na wafadhili.

Aliyefurahi peke yake alikuwa mfanyabiashara wa kuni. Kwa hesabu yake, mzee anayeusema vibaya mtambo ni rafiki wa kuni, kwa hiyo akamletea jogoo. Mwalimu alimshukuru, jogoo akaliwa, na kesho yake Mwalimu akapima mizigo ya yule bwana mbele ya watu, akaonyesha kwamba theluthi nzima ya uzito ni maji. "Unatuuzia umande," alimwambia. Yule bwana alidai jogoo wake arudishwe, jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa gumu.

Mwisho wa mwezi Kamati ya Afya iliketi kusikiliza ripoti. Hakuna aliyeiomba, lakini hakuna aliyeweza kumzuia. Mwalimu alisoma kurasa zake kwa saa nzima. Jua la Julai linapiga masanduku kiubavu, hivyo yanapata chini ya nusu ya joto ambalo yangelipata yakitazama kaskazini. Mabomba hayajafunikwa, joto kidogo linalopatikana linamwagika njiani. Bei ya mtambo, akiigawa kwa miaka ambayo utadumu, na kwa maji machache ya moto unayotoa, ni kubwa kuliko bei ya kuni za kazi ile ile. "Kwa hiyo, kwa hali ilivyo, kuni ni nafuu," akamaliza, akavua miwani. Alikuwa na furaha ya kuchukiza. Mganga Mfawidhi alikuwa amevimba.

Mama Fatu alikuwa mlangoni, ameleta chupa ya chai. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, Mmakonde wa palepale, mwenye macho mekundu ya daima ambayo mimi, nesi mwenye cheti, nilikuwa nimeyazoea kama watu wanavyozoea rangi ya mlango.

"Nang'olo," alisema. Ndivyo wanavyomwita mzee kwa lugha yao. "Na mimi nimo humo?"

Mwalimu akafunua kurasa. "Wewe posho yako ni ile ile, kuwe na kuni, kuwe na mtambo. Haibadilishi hesabu. Kwa hiyo nimekuwekea sifuri."

"Sifuri."

"Kimahesabu."

"Kuchanja kuni kwenye umande, kabla hamjaamka, sifuri. Kifua hiki, sifuri. Haya macho." Aliweka chupa ya chai mezani kwa uangalifu sana. "Haya. Ahsante. Chai hiyo."

Akaondoka. Nilimwangalia Mwalimu, nikingoja aulize kiasi gani. Alikuwa anaitazama karatasi yake. Mwenyekiti akasema tufunge kikao, tukafunga, na Mwalimu akabaki amekaa.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta nyuma ya wodi, kwenye kigoda, kando ya moto wa Mama Fatu. Hakuwa na kipimajoto. Moshi ulikuwa unamfuata kila anakogeuka. Kufika saa mbili alikuwa anakohoa kwa kujikunja, machozi yanamtoka, na alipojaribu kunyanyua ndoo aipeleke wodini, aliishia njiani akaiweka chini. Mama Fatu akaichukua, akaipeleka, akarudi kuchukua nyingine. Mzee alikaa mpaka ndoo ya mwisho.

Alimlazimisha mwenyekiti kuiitisha kamati tena wiki ile ile. Wajumbe walikuja wakinung'unika. Mwalimu alisimama.

"Nilikosea," alisema. "Na siyo kidogo. Nimefundisha watoto wa mji huu miaka mingi kwamba ukiacha kupima kitu kwa sababu ni kigumu kupima, umedanganya. Nimedanganya. Hitimisho lile lifutwe." Akamgeukia Mama Fatu, ambaye safari hii alikuwa ameitwa akae kwenye kiti. "Naomba radhi, mama."

"Yameisha," alisema Mama Fatu, kwa sauti ya mtu ambaye hayajamwishia.

Hitimisho jipya lilikuwa mstari mmoja: mtambo uhamishiwe upande wa kaskazini, mabomba yafunikwe. Mganga Mfawidhi akaeleza, kwa utulivu na ufasaha, kwa nini haiwezekani. Waranti itavunjika. Wafadhili watakasirika. Bango litatazama vyoo. Tutaandika barua kuomba kibali. Barua ikaandikwa, na kwa kadiri ninavyojua inaendelea kusafiri hadi leo.

Mwezi wa nane katikati Mganga Mfawidhi alikwenda Mtwara kwenye semina ya siku nne, kuhusu uongozi. Gari lake lilikuwa halijafika Kitangari, Mwalimu akawa yupo getini na fundi bomba wa mjini, ngazi mbili, kamba, na mzigo wa mabomba mapya.

"Mama Neema, shika ngazi."

"Mwalimu, una kibali?"

"Nina siku nne."

Nikashika ngazi. Nilikuwa mtumishi wa umma mwenye mtoto na nilikuwa na hofu, lakini nilishika. Mama Fatu alishika ya pili. Mzee wa umri ule alipanda paani amevaa suruali ya suti iliyokwisha rangi, akawa anatoa maagizo kama yupo darasani, na kila fundi bomba aliposema "hapa panatosha," sauti ilitoka juu, "Nani kapima?" Siku ya kwanza walishusha maji na kufungua vioo. Siku ya pili walibeba tangi na masanduku kuvuka kilele cha paa, na sanduku moja likateleza, likamburuta Mwalimu kwa kiwiko mpaka karibu na ukingo. Nilipiga kelele. Alibaki amelala pale kifudifudi, amelikumbatia, mpaka fundi akamfikia. Jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Kioo kizima?" Siku ya tatu waliunga mabomba na kuyavisha sufi na magunia ya korosho, wakayafunga kwa mpira. Kiwiko nilikishona mimi, nyuzi tano, na alinisahihisha nafasi kati ya uzi na uzi.

Bango hawakuligusa. "Halina kazi ya kupasha maji," alisema Mwalimu, "libaki linapoonekana." Na likabaki, peke yake, juu ya bati tupu, likitazama barabara.

Mganga Mfawidhi alirudi na cheti cha uongozi. Alifoka siku mbili, akatishia kuniandikia barua, akatishia polisi. Siku ya tatu alioga maji ya mtambo. Nafikiri hapo ndipo alipotulia, maana sikupata barua yoyote. Hazikupita wiki tatu wafadhili wakaja kukagua, asubuhi yenye ukungu mwepesi, wakafungua bomba, wakanawa maji ya moto. Wakampongeza sana Mganga Mfawidhi. Naye akawapa hotuba kuhusu usimamizi wa karibu. Wakapiga picha mbele ya bango, wote wakitabasamu chini ya paa lisilo na kitu kingine, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho.

Mwalimu aliombwa athibitishe kwa maandishi kwamba sasa kuni zimekwisha kabisa. Alikataa. Aliandika kwamba siku za ukungu mzito, ambazo Julai hufika mbili au tatu kwa wiki, mtambo hautatosha, na kwamba jiko la Mama Fatu lijengwe upya, lenye bomba la kutolea moshi. Kila mtu akakasirika tena. Jiko lilijengwa, hata hivyo, dogo lakini la kweli, na Mama Fatu hakupoteza kazi kama wengine walivyopanga. Siku za jua alifua mashuka na kufuta vioo paani, na siku za jua zilikuwa nyingi.

Mabomba yale aliyanunua nani? Nilidhani kamati. Ni mkewe aliyekuja kuniambia, na safari hii hakucheka hata kidogo. "Pesa ya korosho ya msimu mzima, Mama Neema. Mimi nilitaka tuzibe paa." Nilipomuuliza Mwalimu, alisema mkewe ametia chumvi. Nikamuuliza kiasi gani. Alienda kuangalia kopo lake la mvua.

Niliondoka Newala baada ya hapo, nikahamishiwa Masasi. Tukaonana mara moja tu tangu wakati huo. Ilikuwa hapa Masasi mwaka juzi, siku ya soko, kwenye duka la vifaa vya ujenzi upande wa stendi, jua limewaka mpaka milima ya mawe inametameta. Niliingia kununua kitasa. Nikamsikia kabla ya kumwona.

"Lita mia moja ni lita mia moja, au ni lita mia moja za dukani?"

Alikuwa amekonda, mgongo umeinama, ameshika fimbo. Muuza duka alikuwa ameshachoka, nilimwona kwa macho. Mbele yao sakafuni palikuwa na mtambo mdogo wa kupashia maji, wa nyumba, ndani ya boksi lililofunguliwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

Alinitazama juu mpaka chini. "Marahaba. Mama Neema! Umeneneshwa na Masasi."

"Kiasi gani?"

Akacheka mpaka akashika meza. Tukatoka tukakaa kwenye benchi la nje. Nikamuuliza habari za nyumbani, akaniambia mkewe yupo hospitali yetu, kwa daktari wa viungo, amemwacha kwenye foleni. Mikono imemkakamaa mwaka wa pili sasa. Kufunga kifungo hawezi. Asubuhi za baridi hata kunawa uso hawezi, anakaa kitandani mpaka ukungu uondoke, na anayemchemshia maji ni yeye mwenyewe Mwalimu, anayechukua saa nzima kuuwasha moto.

"Anasema maji ya moto yakipita kwenye vidole, vinafunguka," alisema. "Kwa muda gani, nilimuuliza. Akasema mpaka amalize kusuka ukili wake mmoja."

Akatoa bahasha mfukoni, imegeuzwa ndani nje kama zamani, akaninyooshea. Mwandiko ulikuwa unatetemeka lakini mistari imenyooka. Bei ya mtambo. Nauli ya kuufikisha Newala. Fundi. Chini yake kuni ambazo wazee wawili wanatumia kwa mwaka, ambazo ni chache mno. Kisha mgao. Kisha jibu, limepigiwa mistari miwili: mtambo ungerudisha gharama yake baada ya miaka kumi na minne.

Nilisoma mara mbili. Nikasema nilichokuwa nafikiri.

"Mwalimu, samahani. Sasa una miaka mingapi?"

"Themanini na moja."

"Na mama?"

"Sabini na sita." Aliichukua bahasha akaikunja taratibu, pembe kwa pembe. "Hesabu ipo sawa, usihangaike. Nimeirudia mara tatu. Ni hasara."

Halafu akasimama, akaegemea fimbo, akaingia dukani kulipa.